Tunda Kakasi na Sukari: Habari za Konfitiri

Mtu apakaye konfitiri juu ya mkate asubuhi hafikiri ya kuwa chupa ile ina historia. Husema ni chakula cha Wazungu kilichotoka kiwandani, basi. Nasi tulisema hivyo. Lakini tulipofuata habari zake tangu mwanzo, tulifika mahali tusipotazamia hata kidogo: tulifika Mbanza Kongo, katika nyumba ya mfalme.

Tuanze na tunda lenyewe. Liko tunda moja ambalo kwetu halionekani. Wareno huliita marmelo. Ni la manjano, lafanana na tufaa kubwa lenye manundu, nalo lanukia sana, hata moja tu likiwekwa chumbani harufu yake huenea po pote. Lakini ole wake aliumaye bichi! Ni gumu kama mti, na ukakasi wake hukausha kinywa. Wagiriki na Warumi wa kale hawakulitupa kwa sababu hiyo. Dioscorides, mganga Mgiriki wa karne ya kwanza, alieleza namna ya kulihifadhi: watu waliondoa mbegu, wakayashindilia matunda katika chombo pamoja na asali mpaka kikajaa, na baada ya mwaka mmoja yakawa laini. Wagiriki walikuwa na neno melimelon, maana yake tufaa la asali. Neno hilo lilipita kwa Warumi, likageuka marmelo midomoni mwa Wareno, na chakula kilichopikwa kwa tunda hilo kikaitwa marmelada. Baadaye Waingereza walilichukua jina hilo wakalipa machungwa yao yaliyopikwa, na mpaka leo wengi hudhani ya kuwa marmeladi ni machungwa tangu mwanzo.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Tunda lisilolika bichi ndilo mara nyingi lifaalo sana kwa konfitiri. Sababu yake ilijulikana mwaka 1825, wakati Henri Braconnot, mtaalamu wa mji wa Nancy katika Ufaransa, alipochunguza kitu kile kinachogandisha maji ya matunda. Leo chaitwa pektini. Kimo tele katika matunda magumu na yasiyoiva sana, nacho hupungua nguvu kadiri tunda linavyoiva na kulainika. Kikichemka pamoja na uchungu wa tunda, kama ule wa ndimu, na sukari ya kutosha, hushikamana na kuganda kikipoa. Wanawake wapishi walilijua jambo hilo kwa mikono yao karne nyingi kabla ya Braconnot, ila hawakuliandika.

Sasa habari ya sukari. Muwa ulitoka mashariki, ukapita India na Uajemi, na Waarabu wakaupanda katika nchi za bahari ya Mediteranea. Ulaya sukari ilikuwa ghali mno. Waliiuza wauza dawa, nayo marmelada ilitolewa kwa wagonjwa wa tumbo. Mwaka 1555 Nostradamus, yule aliyesifika kwa kutabiri, alitoa kitabu chenye mafundisho ya kupika matunda kwa sukari, na marmelo limo. Kwa maoni yetu, maneno yake juu ya sufuria yana faida kuliko yale juu ya siku zijazo.

Kwa kuwa sukari ilileta faida kubwa hivyo, Wareno walitafuta mashamba mapya. Katika karne ya 15 walipanda miwa katika kisiwa cha Madeira, kisha wakaenda São Tomé, kisiwa kisicho mbali na pwani yetu. Ardhi ilikuwa nzuri, mvua nyingi. Watu wa kukata miwa hawakuwako. Basi waliwatoa katika bara, na wengi wao katika ufalme wa Kongo.

Mfalme wa Kongo siku zile alikuwa Dom Afonso, aliyeitwa kwanza Nzinga Mbemba. Alijua kuandika, akapenda elimu, na mwanawe Henrique alifanywa askofu. Mwaka 1526 aliandika kwa mfalme wa Ureno, João wa Tatu, akilalamika ya kuwa wafanyabiashara wanawakamata watu huru wa nchi yake, hata wana wa wakubwa na watu wa jamaa yake mwenyewe, na ya kuwa nchi inapungukiwa na watu. Barua hiyo iko mpaka leo. Biashara haikukoma. Mashamba ya miwa yalivuka bahari mpaka Brazili, na watu wakavushwa pamoja nayo. Utumwa uliendelea kule mpaka mwaka 1888.

Na katika Brazili ile tunaliona tunda letu tena, kwa sura nyingine. Marmelo halikustawi katika joto la pwani, wala Wareno hawakutaka kuacha chakula cha kwao. Wakatwaa pera, ambalo kwao lilikuwa tunda geni, wakalipika vilevile kwa sukari mpaka likawa zito la kukatwa kwa kisu. Wakaliita goiabada, nalo laliwa huko mpaka leo pamoja na jibini. Ni nani walioshika mwiko katika majiko yale ya wenye mashamba? Wengi wao walikuwa wana wa Kongo na Angola.

Mambo yaliyofuata tunayapita upesi. Mwaka 1747 Marggraf wa Berlin alipata sukari katika kiazi cha biti. Mwaka 1810 Appert Mfaransa aliandika namna ya kuhifadhi vyakula katika chupa zilizofungwa na kuchemshwa. Mwaka 1874 Uingereza iliondoa kodi ya sukari, na konfitiri ikawa chakula cha wafanyakazi maskini.

Mapera yalitufikia kutoka Amerika, na siku hizi yanaoza chini ya miti yetu kila msimu. Nasi tulijaribu kuyapika nyumbani. Mara ya kwanza tulitia sukari nusu tu, maana bei yake ilitutisha, na baada ya wiki tatu chupa zote zilikuwa na kuvu. Kosa lilikuwa letu: sukari ndiyo inayoyashika maji yasitumiwe na vijidudu, nayo yapasa kupita nusu ya uzito wa konfitiri iliyo tayari. Mara ya pili tulichagua mapera yaliyoanza tu kuwa manjano, tukayachemsha, tukayapitisha katika chujio kuondoa mbegu, tukatia kilo moja ya sukari kwa kila kilo ya uji wake na maji ya ndimu mbili. Tulikoroga mpaka tone lililowekwa juu ya sahani baridi likakunjamana lilipoguswa kwa kidole. Chupa zilikuwa zimechemshwa, tukazijaza zingali moto, tukazifunga papo hapo.

Ya mwisho tuliifungua baada ya miezi mitano. Mzee mmoja jirani alionja, akauliza imetoka Ulaya kwa duka gani. Tulimwonyesha mti, kisha tukamsimulia habari za Dom Afonso na barua yake. Akakaa na kijiko mkononi muda mrefu bila kusema neno.