Konokono Asiye na Jina

Mwaka 1979 nilikuwa nafundisha Darasa la Sita katika shule moja ya msingi wilayani Muheza. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, mwanafunzi alinijia na gamba la konokono, dogo mno, halizidi punje ya mpunga. Akauliza, "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Nikamwambia ni konokono. Akainamisha macho, akasema kwa adabu, "Hilo nalijua, Mwalimu. Nauliza jina lake." Nilimwambia akakae, tulikuwa na hesabu.

Swali lile lilinisumbua kuliko maswali yote ya wakaguzi. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, ndipo nilipoanza kulitafutia jibu, na nikaona kuwa historia yake ilipita katika milima ile ile tuliyoiona dirishani.

Mwaka 1880 Mwingereza Craven alichapisha huko London maelezo ya konokono waliokusanywa katika safari fupi ya Usambara. Saba kati yao alisema ni spishi mpya. Wakaja Wajerumani. Mwaka 1897 Eduard von Martens, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Berlin, alitoa kitabu kizima juu ya konokono na jamaa zao wa koloni hili. Mwaka 1902 kituo cha utafiti kikafunguliwa Amani, na mwaka 1949 akafika hapo Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea ambaye konokono walimteka. Alikuja kuwapa majina wengi wa Afrika Mashariki.

Kumpa kiumbe jina si kubuni neno tu. Tangu Linnaeus, mwaka 1758, jina ni maneno mawili. Ni lazima lichapishwe pamoja na maelezo: urefu wa gamba, idadi ya mizunguko, na kwa wale wadogo wa jenasi ya Gulella, wanaokula konokono wenzao, vijino vilivyo mlangoni mwa gamba. Jina lililotangulia ndilo linaloshinda. Tena huteuliwa kielelezo kimoja, kikatunzwa kuwa shahidi wa jina hilo daima.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Mashahidi wetu walikwenda London na Berlin. Mtu wa Muheza aliyetaka kuwa na hakika juu ya konokono wa nyuma ya jiko lake ilimpasa apande meli. Na wale waliowaongoza wageni msituni, wakainama kufunua majani makavu, majina yao hayakuandikwa. Ua la Usambara lilipewa mwaka 1893 jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu kwao. Aliyemwonyesha ua lilipoota simjui, na sijakutana na anayemjua.

Ng'ambo ya bahari yetu, Pemba, mambo yamekuwa na sura nyingine kidogo. Unguja iko kwenye maji mafupi na iliwahi kuungana na bara bahari iliposhuka. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina kinachozidi mita 700, na konokono haogelei. Waliokuwa kule wakabaki peke yao, wakageuka. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Uholanzi, van Bruggen na de Winter, walieleza konokono mmoja wa kisiwa hicho wakamwita Pembatoxon insulare. Neno la pili ni Kilatini, maana yake wa kisiwani. Mwaka 2010 ikatoka orodha ya konokono wa nchi kavu wa Pemba, pamoja na spishi mpya, katika jarida linalosomwa bila malipo. Waandishi walikuwa watatu: Rowson, Warren, na Christine Ngereza wa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Jina hilo la tatu nililisoma mara mbili.

Gamba la yule mwanafunzi sikulihifadhi. Yeye nilikutana naye juzi juzi stendi ya Muheza, mtu mzima mwenye wajukuu, akanipa shikamoo na kunibebea mfuko. Nilimkumbusha habari ya konokono. Alicheka, akasema hakumbuki.