Ufunguo na Makao ya Siri Yake

Katika Kiswahili jina la ufunguo limetokana na kitenzi fungua, wala halikutokana na funga. Jambo hili ni dogo masikioni, lakini lina maana kubwa katika historia ya kifaa chenyewe. Kufunga mlango hakuhitaji elimu nyingi. Gogo au jiwe hutosha. Kazi ngumu ni kuufanya mlango ule ule umkatae mgeni na kumkubali mwenyewe. Ili jambo hilo liwezekane, sharti iwepo siri ambayo mwenye mali anayo na mwizi hana. Historia ya ufunguo, tangu milango ya Bagamoyo hata magari yanayopita leo Mapinga, ni historia ya mahali siri hiyo ilipowekwa. Na kila siri ilipohamia makao mapya, alibadilika pia mtu awezaye kutengeneza ufunguo mwingine pale ule wa kwanza unapopotea.

Makao ya kwanza yalikuwa nguvu tupu. Watu wa pwani walikuwa na pingo, yaani mti au chuma kinachokingamishwa nyuma ya mlango. Neno hilo ni ndugu wa pinga na wa pingu. Pingo halina ufunguo, na huhitaji mtu abaki ndani ili aliondoe. Nyumba ya pingo, basi, ililindwa na wakazi wake. Wote wakiondoka, pingo halifai kitu.

Biashara ndiyo iliyodai kifaa kingine. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka bara. Pembe za ndovu zililala ghalani, nguo na shanga zikangoja wapagazi, na mwenye mali alikuwa safarini au Unguja. Mali iliyobaki peke yake ilihitaji mlinzi asiyelala. Mlango wa nakshi ukapewa mnyororo na pete, na katika pete likatiwa kufuli, neno tulilolipata kwa Waarabu. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mateka nao waliletwa pwani hiyo hiyo katika minyororo. Mwenye kufunguliwa na mwenye kufungua hawakuwa watu wa daraja moja. Tangu hapo ufunguo ulikuwa alama ya mamlaka kabla ya kuwa chombo cha nyumbani.

Katika kufuli la namna hii siri imehama kutoka kwenye nguvu na kuingia katika umbo. Wamisri wa kale walikwisha kulijua jambo hilo: kufuli zao za mti zilikuwa na vijiti vilivyoanguka katika matundu ya komeo, na ufunguo wenye meno uliviinua vyote kwa pamoja. Mmarekani Linus Yale mdogo alilirudia wazo hilo kwa madini, akapata hataza mwaka wa 1861 na tena mwaka wa 1865. Ndani ya kufuli lake mna vijiti vya urefu mbalimbali vinavyosukumwa na springi. Ufunguo wa haki huviinua vyote hata vikalingana kwenye mstari mmoja, na hapo tu silinda huzunguka. Jino moja likizidi au likipungua kidogo, mlango hukataa.

Siri ya umbo, hata hivyo, huonekana kwa macho, na kionekanacho huigwa. Huko London kufuli la Bramah liliwekwa dirishani tangu mwaka wa 1790, likiahidiwa zawadi ya guinea 200 kwa atakayeweza kulifungua bila ufunguo wake. Mwaka wa 1851, wakati wa Maonyesho Makuu, Mmarekani A. C. Hobbs alilifungua baada ya kazi ya saa 51 iliyogawanywa katika siku 16. Wako waliolalamika kwamba amewafundisha wezi. Hobbs alishikilia kwamba wezi walikuwa wanajua zamani, na kwamba asiyejua ni mnunuzi peke yake. Mabishano hayo hayajaisha mpaka leo.

Motokaa za mwanzo zilikuja bila siri kubwa. Mwaka wa 1907 luteni Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akafika Swakopmund, upande wa pili wa bara, mwaka wa 1909. Injini za zama hizo ziliamshwa kwa mkono, kwa kuzungusha mtaimbo wa chuma. Kiwashio cha umeme kilitiwa katika Cadillac za mwaka wa 1912, na mwaka wa 1949 kampuni ya Chrysler ikaunganisha kazi hiyo na ufunguo wa swichi. Lakini ufunguo wenyewe ulibaki wa ukoo ule ule wa umbo. Ndani ya swichi nyingi za gari mlikuwa na vibati vyembamba badala ya vijiti, na fundi mwenye tupa na jicho zuri aliweza kutoa mfano wake. Kiswahili hakikuona tofauti kati ya kazi hiyo na ya seremala wa Bagamoyo, kwa kuwa mlango huchongwa na ufunguo pia huchongwa. Lugha ikatoa hata hukumu yake juu ya umbo lisilo na uaminifu, kwa maana ufunguo ufunguao kufuli za watu wengi mitaani huitwa ufunguo malaya.

Makao ya tatu ya siri ni nambari. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamuru kwamba magari mapya tangu mwaka wa 1998 yawe na imobilaiza. Katika kichwa cha ufunguo hutiwa chipu ndogo isiyo na betri. Kuzunguka swichi mna koili ya waya. Dereva atiapo ufunguo, koili huipa chipu nguvu kwa njia ya sumaku, na chipu hujibu kwa nambari yake. Kompyuta ya gari ikiitambua, injini huwaka; isipoitambua, injini huzimika au haiwaki kabisa, hata kama meno ya ufunguo ni sahihi. Kwa hakika imobilaiza ni pingo lililorudi. Haizuii mtu kuingia garini, bali hukingama ndani, mahali mkono wa mgeni usipofika.

Chipu za kwanza zilitamka neno lile lile kila siku, na mwenye kulisikia aliweza kulirudia. Zile zilizofuata zilifundishwa mchezo ambao kila mtoto wa Kiswahili anaujua. Gari hutega kitendawili kipya kila mara, na ufunguo hukitegua kwa siri ambayo wao wawili tu wanayo. Lakini mtegaji naye hushindwa. Mwaka wa 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na RSA Laboratories walionyesha kwamba chipu moja iliyotumiwa sana, yenye siri ya biti 40, yaani nambari kama trilioni 1.1, ilikuwa dhaifu, ingawa namna yake ya kufanya kazi ilikuwa imefichwa. Mwaka wa 2011 wataalamu wa ETH Zurich walieleza hila nyepesi zaidi juu ya magari yanayofunguka bila kutia ufunguo. Watu wawili wenye vifaa vya redio huibeba sauti ya kitendawili kutoka garini hata kwenye ufunguo uliolala nyumbani, na jibu hurudishwa kwa njia ile ile. Siri haikuvunjwa, iliazimwa tu.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Mapinga, baada ya Bunju katika njia ya Bagamoyo, ni makazi ya watu wengi ambao riziki yao iko mjini. Magari mengi ya Tanzania yametumika kwanza Japani, na gari la namna hiyo huweza kufika na ufunguo mmoja, bila kile kibati chenye nambari ya kuchongea. Ufunguo huo ukiwapo, kuongeza wa pili ni kazi ndogo: fundi huchonga meno, kisha huifundisha kompyuta kuitambua chipu mpya. Katika magari kadhaa ya Toyota ule ufunguo mkuu ndio wenye idhini ya kumkaribisha mwenzake. Ukipotea ule mmoja, gari halina tena wa kulidhamini. Sharti fundi aifikie kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, aifute na kuiandika upya, na pengine kompyuta hubadilishwa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ufunguo wa pili na nambari iliyoandikwa ndiyo daftari.

Hapo ndipo suala la Hobbs linaporudi. Chombo kimsaidiacho mwenye gari ndicho kimsaidiacho mwizi, na fundi mwema hutaka kwanza kuiona kadi ya gari. Je, elimu hiyo ifichwe? Mwaka wa 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha huko Ufaransa, alifundisha kwamba mtambo mzuri wa siri haudhuriki hata adui akiujua wote, maadamu hana ufunguo. Wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walikubali mwaka wa 2012 kwamba watengenezaji wa magari wawape mafundi wa nje habari za kutengenezea. Hoja hiyo ina uzito zaidi pwani yetu, ambako karakana ya mtengenezaji iko ng'ambo ya bahari na fundi wa kando ya njia ndiye tegemeo. Ile chipu ya mwaka wa 2005 ilifichwa na bado ikafunguliwa. Kificho hicho hakikumzuia mjuzi. Kilimwacha mwenye mali gizani tu.

Basi anayeushika ufunguo wa leo ameshika nusu ya mali yake. Nusu ya pili ni nambari asiyoiona, na mtu asiyejua kwamba iko hawezi kuidai wala kuilinda. Mwenye pingo alilijua pingo lake. Elimu ya namna hiyo haina budi kurudi kwa mwenye gari na kwa fundi wake, nayo iandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaisema.