Tony Joe White na Nyimbo Zilizomtangulia

Ukitaja mbele ya watu wa makamo wimbo uitwao "Steamy Windows", watakwambia bila kusita kuwa huo ni wa Tina Turner. Ukitaja "Rainy Night in Georgia", mjuzi wa muziki wa zamani atakujibu kuwa ni wa Brook Benton. Na "Polk Salad Annie", wengi wataapa kuwa ni wa Elvis Presley. Nyimbo zote tatu zilitungwa na mtu mmoja, Mzungu wa Louisiana aliyeitwa Tony Joe White. Nataka leo tuzungumze habari zake, maana desturi ya redio ni kutaja mwimbaji na kisha kupiga santuri. Jina la mtunzi hubaki pale kwenye karatasi ya katikati ya santuri, kwa herufi ndogo, ndani ya mabano.

White alizaliwa tarehe 23 Julai 1943 huko Oak Grove, katika pembe ya kaskazini-mashariki ya jimbo la Louisiana. Wazazi wake walikuwa wakulima wa pamba, naye alikuwa kitindamimba katika watoto saba. Nyumbani muziki ulikuwepo, lakini yeye hakuujali sana mpaka alipofika umri wa miaka 15 au 16, pale kaka yake mmoja alipoleta nyumbani santuri ya Lightnin' Hopkins, mpiga bluzi Mweusi wa Texas. Tangu siku hiyo gitaa halikumtoka mkononi. Tukumbuke kwamba kule kusini mwa Marekani wakati ule sheria zilitenga watu kwa rangi shuleni, kwenye mabasi na mahotelini. Santuri, hata hivyo, iliingia mlango wowote.

Baada ya kumaliza shule alikwenda Marietta, Georgia, akaishi kwa dada yake na kupata kazi ya kuendesha tipa la idara ya barabara. Usiku mvua ikinyesha, kijana alifurahi, kwani alijua kesho hakuna kazi na angeweza kukesha na gitaa lake. Mwaka 1967, wakati akiwa tayari anapiga katika vilabu vya Texas nyimbo za watu wengine, alisikia redioni wimbo wa Bobbie Gentry, "Ode to Billie Joe". Ulikuwa unasimulia maisha ya watu wa mashamba ya pamba, watu kama wa kwao. White alieleza mara nyingi baadaye kwamba hapo ndipo alipoamua kuandika juu ya yale anayoyajua. Na alijua nini? Alijua mvua ya usiku Georgia, na alijua mboga ya polk. Kutokana na mambo hayo mawili zikatoka nyimbo mbili ambazo zingetosha kumlisha mtunzi yeyote maisha yake yote.

Hiyo mboga inastahili maneno machache. Ni mmea wa mwituni unaoota wenyewe kandokando ya mashamba na mitaro. Mizizi yake ni sumu na matunda yake ni sumu, na hata majani hayaliwi mpaka yachemshwe, maji yamwagwe, kisha yachemshwe tena katika maji mapya. Mama zetu wanaopika kisamvu wataelewa mara moja, kwani wanajua kwamba jani la muhogo nalo si la kuchezea. Kule Louisiana ilikuwa mboga ya maskini, Weupe kwa Weusi. White akamtungia hadithi msichana wa familia fukara ambaye kila jioni huenda kuichuma, na mwanzoni mwa wimbo akakaa kabisa na kuwaeleza wasikilizaji mmea wenyewe ulivyo, kama mwalimu darasani. Alijua kwamba watu wa mjini hawaufahamu.

Alikwenda Nashville na kuchukuliwa na kampuni ya Monument, ile iliyokuwa imemtoa Roy Orbison. Mtayarishaji wake alikuwa Billy Swan. Wimbo ulitolewa mwaka 1968, ukakaa kimya miezi mingi kiasi cha watu kuusahau, halafu katika kiangazi cha 1969 ukapanda hadi nafasi ya 8 katika chati ya Marekani. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini kabisa, na katikati ya mistari alikuwa anaguna. Gitaa alilikanyagia kifaa cha mguuni kinacholifanya lilie kama mnyama ndani ya matope. Na kinanda cha mdomo alikipiga mwenyewe.

Waandishi wakauita muziki huo roki ya kinamasi. Jina lilipendeza, ingawa mwaka huohuo wa 1969 vijana wa Creedence Clearwater Revival walikuwa wanauza mamilioni ya santuri zenye ladha hiyohiyo ilhali wao wanatoka California. Sisemi kwamba walikosea, maana nyimbo zao ni tamu. Lakini anayetaka kujua tofauti asikilize "Willie and Laura Mae Jones", wimbo wa White kuhusu familia mbili za mashamba ya pamba, moja nyeupe na moja nyeusi, zilizoishi kama majirani. Wimbo kama huo hutungwa na mtu aliyeishi pale. Dusty Springfield wa Uingereza naye aliuimba.

Kutoka hapo nyimbo zikaanza kumtangulia mwenyewe. Mwaka 1970 Brook Benton, mwimbaji Mweusi aliyekuwa amekaa muda bila kibao, aliimba "Rainy Night in Georgia" ikafika nafasi ya 4 katika chati kuu na ya kwanza katika chati ya muziki wa soul. Mwaka huohuo Elvis aliichukua "Polk Salad Annie" akaipeleka jukwaani Las Vegas, akaitoa katika santuri ya On Stage, na aliendelea kuipiga kwa miaka.

White mwenyewe alihamia kampuni ya Warner, akatoa santuri nzuri zisizouzwa sana. Aliwahi hata kuigiza kama Cassio katika Catch My Soul, filamu ya mwaka 1974 iliyotokana na Othello ya Shakespeare. Baada ya Dangerous ya mwaka 1983 alikaa miaka minane bila kutoa santuri mpya. Hapa ndipo yale maneno ya kwenye mabano yanapoonyesha thamani yake. Mwimbaji asiye mtunzi, asiporekodi wala kupanda jukwaani, mfuko hukauka upesi. Mtunzi hupata mrabaha kila nakala ya wimbo wake inapouzwa, hata kama koo iliyoimba ni ya mwingine.

Mwaka 1989 ikaja santuri ya Tina Turner, Foreign Affair. Ndani yake mna nyimbo 4 za White, ukiwemo ule uliobeba jina la santuri, na mwenyewe alipiga gitaa. Ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na kuuzwa kwa mamilioni Ulaya. White alisimulia kwamba walipokutana studio Tina aliangua kicheko, kwani tangu alipoisikia "Polk Salad Annie" aliamini mwimbaji wake ni mtu Mweusi. Tina alizaliwa katika nchi ya pamba ya Tennessee na aliijua lafudhi ile. Sikio lake halikumdanganya sana, kwa kuwa mwalimu wa White alikuwa Lightnin' Hopkins.

Mafanikio hayo yalimrudisha White mwenyewe studio. Closer to the Truth ya mwaka 1991 ilipendwa zaidi Ulaya kuliko kwao, na kwa miaka mingi alizunguka huko, mara nyingi akiwa na mpiga ngoma mmoja tu nyuma yake.

Santuri yake ya mwisho akiwa hai ilikuwa Bad Mouthin', iliyotoka Septemba 2018, na nyingi ya nyimbo zake ni bluzi za wakongwe, akiwemo Hopkins. Humo pia aliimba "Heartbreak Hotel" ya Elvis. Inafaa kujua kwamba wimbo huo wa mwaka 1956 uliandikwa na Mae Boren Axton na Tommy Durden, lakini jina la Elvis likaongezwa katika mabano kama mtunzi wa tatu. Kwenye "Polk Salad Annie" mabano yana jina moja.

White alifariki tarehe 24 Oktoba 2018 nyumbani kwake Leiper's Fork, Tennessee, akiwa na umri wa miaka 75. Aliacha kanda alizojirekodi nyumbani, sauti na gitaa bila kitu kingine. Mwanawe alizikusanya, mtayarishaji Dan Auerbach akaziongezea vyombo, na mwaka 2021 zikatoka kwa jina la Smoke from the Chimney.