Fidia, kifuta jasho, kifuta machozi

Kwetu Bagamoyo, hii ya Tukuyu na siyo ile ya pwani, mvua ni mwenyeji. Ng'ombe wa maziwa anakaa bandani na majani yanamfuata huko huko. Ndiyo maana ukame wa 2008 na 2009, uliomaliza mifugo Longido, Monduli na Ngorongoro, ulitufikia kama habari ya redio tu. Nimeurudia baadaye kwa sababu ya swali moja: ng'ombe wa raia akifa kwa njaa, serikali inadaiwa nini?

Kiswahili chetu cha ofisini kimelijibu kwa ujanja. Fidia unaweza kuidai. Kifuta jasho na kifuta machozi unapewa. Kanuni za wanyamapori za mwaka 2011 zimeshika njia hiyo hiyo: simba akila ng'ombe wako unalipwa kifuta jasho kwa kiwango kilichopangwa, na bei ya sokoni haiulizwi.

Ukame ule nao ulijibiwa hivyo. Chini ya Rais Kikwete serikali iliamua kuwapa mifugo wafugaji wa wilaya hizo tatu waliopoteza yote. Ugawaji ulikuja miaka kadhaa baada ya mizoga kukauka. Tena lile neno "yote" lilikuwa na makali yake. Aliyebakiwa na ng'ombe wawili wakondefu kati ya mia, huyo ni mfugaji au ni maskini?

Wamaasai walikuwa na jibu lao kabla ya wilaya kuwapo. Katika ewoloto, ukoo humchangia aliyefilisika, huyu mtamba, yule mbuzi, mpaka asimame tena. Lakini ewoloto inahitaji jirani aliyebakiwa na kitu. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia mifugo ya karibu kila boma, na ukame mkubwa hufanya vivyo hivyo. Hapo ndipo serikali inapohitajika, kwa kuwa mkono wake unafika mahali ambako mvua ilinyesha.

Wakenya walijaribu njia nyingine, na mimi naiona bora. Januari 2010, huko Marsabit, ilianza bima inayotazama malisho kwa setilaiti. Ukijani ukishuka chini ya kiwango, mwenye bima analipwa, na hakuna mtu wa kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitoka 2011. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaichukua, ikaanza Turkana na Wajir, ikiwalipia ada kaya zilizochaguliwa kwa mifugo yenye thamani ya ng'ombe watano hivi. Baadaye malipo yakasogezwa mbele, yafike ng'ombe akiwa bado hai, ili mwenyewe anunue majani, maji na dawa.

Setilaiti nayo hukosea. Inaweza kuona kijani, kumbe ni vichaka visivyolika, na mfugaji akabaki mikono mitupu huku ramani ikisema malisho yapo. Hata hivyo pesa ya majani ikifika mapema inaokoa ng'ombe ambaye ukoo unamjua kwa jina, kwa rangi na kwa mama yake. Yule wa mgao hushushwa kwenye lori akiwa mgeni, hajui kisima kiko wapi.