Maji ya Mkondoa na Elimu ya Bahari

Maji ya Mkondoa yapitayo Kilosa, na yale ya Mkata yakatizayo mbuga za Mikumi, zilizofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, huungana katika Wami, yakamiminika baharini upande wa Saadani, mkabala na Unguja; na huko Unguja ndiko ilikoasisiwa, mwaka 1951, taasisi ya Afrika Mashariki ya kutafiti uvuvi wa bahari, ambayo wataalamu wake walizitazama kwa hadubini zooplanktoni, wanyama wadogo mno wachukuliwao na mkondo, walio riziki ya dagaa.

Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha hapo Unguja Taasisi ya Sayansi za Bahari. Mwanafunzi atokaye Kilosa, naamini kwa dhati, ana haki kamili katika elimu hiyo, kwani rutuba ya mto wa kwao hulisha vimea vya bahari ambavyo wanyama hao huvila.