Mzee Polgár, baba aliyepanga mabingwa kabla hata hajaoa

Wadau, kuna ule ubishi usioisha: kipaji mtu anazaliwa nacho au anafundishwa? Mzee mmoja wa Hungaria, László Polgár, aliamua kuujibu kwa kutumia watoto wake mwenyewe.

Jamaa alikuwa mtaalamu wa saikolojia ya elimu. Alisoma maisha ya watu waliotukuka, akaona wengi walianza wadogo na kukazania fani moja. Basi akawa anamwandikia barua Klara, mwalimu kutoka Ukraine, akimweleza mpango wake waziwazi. Wengine wangekimbia. Klara akakubali, wakaoana 1967.

Susan alizaliwa 1969. Alikuwa na miaka kama minne alipokuta sataranji nyumbani (siyo drafti ya vizibo, hii ni ile ya mfalme na malkia). Mzee akaona hapo hapo: mchezo huu ukishinda umeshinda, hakuna jaji wa kukupendelea. Mwaka 1973 katoto hako kalishinda mashindano ya wasichana wa Budapest wa chini ya miaka 11, mechi 10 kati ya 10!

Baada yake wakaja Sofia (1974) na Judit (1976). Wote walisomea nyumbani, na hiyo ilikuwa Hungaria ya kikomunisti. Serikali ilikuja juu, mpaka polisi mwenye silaha akatumwa mlangoni kwao. Baadaye ruhusa ilitoka, kwa sharti la kufanya mitihani shuleni.

Halafu kuna hili la FIDE, shirikisho la sataranji duniani. Mwishoni mwa 1986 liliwaongezea wachezaji wote wa kike pointi 100, isipokuwa Susan peke yake. Kisa eti pointi zake alizipata kwa kucheza na wanaume. Yaani binti anaadhibiwa kwa kupambana na wakali! Namba moja ya wanawake ikamponyoka hivyo hivyo.

Hawakurudi nyuma. 1988 dada hao watatu na mwenzao mmoja waliwabwaga Wasovieti kwenye Olimpiadi ya Thessaloniki. 1989 Sofia, miaka 14, alichukua mashindano ya Roma kwa pointi 8.5 kati ya 9, magrandmasta wakiwa humo humo. 1991 Susan akawa grandmasta, na 1996 bingwa wa dunia wa wanawake. Judit naye akawa grandmasta 1991 akiwa na miaka 15 na miezi minne, akavunja rekodi ya Bobby Fischer ya 1958. Mwaka 2002 alimfunga Kasparov, na 2005 alishika nafasi ya 8 duniani, wanaume na wanawake pamoja. Alistaafu 2014, na mpaka leo hakuna mwanamke mwingine aliyeingia kumi bora.

Wabishi wanasema watoto watatu wa baba na mama mmoja hawatoshi kuthibitisha kitu, huenda ni damu tu. Nadhani wana hoja. Na nafasi ya kujaribu tena ilikuwepo: tajiri mmoja wa Uholanzi alijitolea kumsaidia mzee alee wavulana watatu kutoka nchi inayoendelea, kwa mtindo ule ule. Mzee alitamani sana. Mama Klara akakataa.