Ubora wa multimita ya mezani

Multimita ya mezani ni kifaa cha kupimia umeme kinachokaa juu ya meza ya kazi katika karakana, maabara au darasa, na kuonyesha vipimo kwa tarakimu kwenye kioo. Hupima volti, ampea na omu, na mara nyingi pia kapasita na dayodi. Hutofautiana na multimita ya mkononi kwa kuwa aghalabu hutumia umeme wa ukutani badala ya betri, ina kioo kikubwa, na kwa kawaida huonyesha tarakimu nyingi zaidi.

Ubora wa multimita ya bei nafuu hautokani na wingi wa tarakimu zake. Hutokana na mambo matatu: kama inasema kweli, kama inaendelea kusema kweli miezi na miaka inavyopita, na kama inamlinda mtumiaji anapokosea. Makala hii inaeleza mambo hayo kwa mifano ya kisiwa cha Unguja, Zanzibar, ambako joto, unyevu na chumvi ya bahari hukijaribu kifaa zaidi kuliko karatasi ya kiwandani inavyoonyesha.

Historia

Multimita ya kwanza kuenea sana ilitokana na kazi ya Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza. Ilianza kuuzwa mwaka 1923 kwa jina la AVO, yaani herufi za kwanza za ampea, volti na omu. Ilionyesha kipimo kwa mshale.

Mita za volti zenye tarakimu zilianza nchini Marekani katika miaka ya 1950, kwa kazi ya Andrew Kay na kampuni yake ya Non-Linear Systems. Zilikuwa kubwa na ghali. Bei ilishuka baada ya miaka ya 1970, pale chipu moja, kama ICL7106 ya kampuni ya Intersil, ilipoweza kubeba karibu kazi yote ya mita. Leo mita nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika ya Mashariki hutengenezwa China.

Matumizi Unguja

Umeme wa majumbani Unguja ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Tangu mwaka 1980 kisiwa kimekuwa kikipata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na kusambazwa na Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO). Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ulikatika tena tarehe 10 Desemba 2009 na kurudi Machi 2010. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013.

Katika vipindi hivyo majenereta yalisikika kila mtaa. Volti za jenereta dogo hupanda na kushuka kufuatana na kasi ya injini yake, kwa hiyo fundi mwangalifu huzipima kabla ya kuunganisha friji au televisheni. Hapo kosa la mita hugeuka hasara ya mwenye nyumba.

Watumiaji wengine ni mafundi wa redio na simu, wanafunzi wa ufundi, kama wale wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyoko Mbweni, na mafundi wa umemejua. Huko Kinyasini, Mkoa wa Kaskazini Unguja, chuo cha Barefoot hufundisha wanawake wa vijijini kuunda na kutengeneza mifumo ya umemejua. Katika kazi hiyo mita ni kifaa cha kila siku.

Tarakimu na usahihi

Mita inayoitwa ya “tarakimu tatu na nusu” huhesabu kutoka 0 hadi 1999. Ile ya tarakimu nne na nusu hufika 19999, na baadhi ya mita za mezani za bei nafuu hupita 50000. Hesabu hizo huonyesha ukubwa wa hatua moja kwenye kioo. Hazionyeshi kama kipimo ni sahihi, kama vile saa yenye mshale wa sekunde inavyoweza kuwa nyuma kwa dakika kumi.

Usahihi huandikwa katika kitabu cha maelezo kwa sehemu mbili: asilimia ya kipimo, pamoja na idadi ya hatua za mwisho. Mfano mzuri ni betri ya asidi ya volti 12 inayotumika kwenye umemejua. Ikiwa imejaa na kupumzishwa huwa na volti 12.7 hivi, ikiwa nusu huwa na 12.2 hivi. Tofauti yote ni nusu volti. Betri yenye volti 12.50 ikipimwa kwa mita tatu, makosa yanayowezekana ni haya:

- Mita ya hatua za volti 0.001, yenye kosa la asilimia 0.05 na hatua 5: kosa halizidi volti 0.011.
- Mita ya hatua za volti 0.01, yenye kosa la asilimia 0.5 na hatua 2: kosa halizidi volti 0.08.
- Mita iliyopoteza usahihi hadi asilimia 3: kosa hufika volti 0.375.

Mita mbili za kwanza zinatosha kwa kazi hiyo. Ya tatu inaweza kuonyesha betri iliyobaki nusu kuwa karibu imejaa, na mwenye betri akaendelea kuitumia hadi ikaharibika.

Umeme usio wa wimbi laini

Mita nyingi rahisi hupima wastani wa wimbi la umeme geu, kisha huuzidisha kwa namba inayofaa wimbi laini tu. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi. Inveta yenye kilele cha volti 325, ambayo wimbi lake limewaka nusu ya muda, ina volti 230 za kweli, lakini mita ya wastani huonyesha 180 hivi. Fundi anaweza kuilaumu inveta isiyo na kosa. Mita inayopima RMS halisi haina tatizo hilo, na sifa hiyo ina faida kubwa kuliko tarakimu moja ya ziada.

Ukinzani wa kuingilia

Mita ya volti haitakiwi kunyonya mkondo wa saketi inayopimwa. Mita nzuri ina ukinzani wa kuingilia wa megaomu 10. Baadhi ya mita ndogo, kama zile za aina ya DT830, zina megaomu 1 tu. Kwenye saketi yenye ukinzani wa megaomu 1, mita hiyo ndogo itaonyesha nusu ya volti zilizopo, wakati ile ya megaomu 10 itaonyesha asilimia 91 hivi.

Joto, unyevu na chumvi

Usahihi unaotangazwa kwa kawaida ni wa chumba chenye nyuzijoto 23 za selsiasi, zikipungua au kuzidi kwa 5. Juu ya nyuzijoto 28 kosa huongezeka, mara nyingi kwa sehemu moja ya kumi ya kosa la kawaida kwa kila nyuzi moja. Katika karakana yenye nyuzijoto 33, jambo la kawaida Unguja wakati wa kaskazi, kosa lililotangazwa huwa mara moja na nusu.

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya kupimia, IEC 61010-1, huchukulia unyevu usiozidi asilimia 80 hadi nyuzijoto 31, ukipungua hadi asilimia 50 kwenye nyuzijoto 40. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mpaka huo huweza kupitwa ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi. Hewa ya pwani nayo hubeba chumvi inayokula matundu ya kuchomekea waya, vishikio vya fyuzi na swichi ya kuzungusha. Mita iliyoshikwa na kutu haifi ghafla. Huanza kubadilisha kipimo kila waya unapoguswa. Kuifunika baada ya kazi na kuiweka mbali na dirisha linalotazama bahari husaidia kurefusha maisha yake.

Usalama

Alama ya CAT kwenye uso wa mita huonyesha mahali inapofaa kutumika. CAT II ni ya vyombo vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni ya nyaya na visanduku vya umeme vya jengo. CAT IV ni ya njia inayoingia kutoka nguzoni. Mita nyingi za mezani huishia CAT II. Hazifai kupelekwa kwenye kisanduku kikuu cha nyumba, hata kama zimeandikwa volti 1000.

Fyuzi husema mengi kuhusu mtengenezaji. Fyuzi ndogo ya kioo huweza kukata kwa usalama mkondo wa makumi machache ya ampea, lakini mkondo wa shoti kwenye kisanduku kikuu huweza kufika maelfu. Fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga hustahimili zaidi. Baadhi ya mita ndogo hazina fyuzi kabisa kwenye tundu la ampea 10, na uso wa mita huandika hivyo. Mtu akisahau waya katika tundu hilo kisha akapima soketi ya ukutani, amefunga shoti kwa mkono wake.

Alama ya CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Alama za UL, CSA au TÜV hutolewa na taasisi zinazokagua bidhaa, ingawa nazo hughushiwa.

Namna ya kukagua

Ukaguzi ufuatao hauhitaji kugusa umeme wa ukutani, isipokuwa kuchomeka mita yenyewe.

1. Kuangalia nyuma ya mita. Swichi ya volti 115 na 230, kama ipo, iwe kwenye 230 kabla ya kuwashwa, na plagi iwe na waya wa ardhi.
2. Kuangalia fyuzi: aina yake, na kama zinalingana na maelezo yaliyoandikwa kwenye mita.
3. Kuiwasha na kuiacha ipate joto kwa nusu saa.
4. Kugusanisha ncha za waya kwenye skeli ya omu. Kipimo kiwe kidogo na kisichoyumba waya zikitikiswa.
5. Kupima rizista kadhaa zenye usahihi wa asilimia 1 au bora zaidi.
6. Kupima chanzo cha volti kinachojulikana. Chipu ya AD584, ambayo huuzwa ikiwa kwenye bodi ndogo, hutoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10. Betri mpya si kipimo, ila hufaa kulinganisha mita mbili.
7. Kupima ukinzani wa kuingilia kwa mita ya pili: hii ya pili huwekwa kwenye omu, ile inayokaguliwa kwenye volti za mkondo mnyoofu.
8. Kuandika matokeo daftarini na kurudia baada ya miezi mitatu. Mita inayokosea kwa kiasi kilekile kila mara ni bora kuliko inayobadilika.

Kwa kazi inayohitaji ushahidi rasmi, mita hufanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na vipimo rejea katika maabara. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, lina maabara ya ugezi Dar es Salaam. Kwa upande wa Zanzibar, masuala ya viwango yako chini ya Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Mipaka

Multimita haiwezi kuthibitisha kwamba ngozi ya waya ni nzima. Hupima omu kwa volti chache tu, ilhali udhaifu wa ngozi hujitokeza kwenye volti kubwa. Katika nyumba za Mji Mkongwe, ambazo kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hushika unyevu, nyaya hupimwa kwa mega, kifaa kinachotoa volti 500.

Vilevile, kioo kinachoonyesha sifuri si uthibitisho kwamba umeme haupo. Huenda waya wa mita umekatika ndani au swichi imeshika kutu. Kanuni ya mafundi ni kupima mara tatu: kwanza mahali panapojulikana kuwa na umeme, pili mahali pa kazi, tatu kurudi mahali pa kwanza. Sifuri ya katikati huaminika ikiwa vipimo viwili vya pembeni vimeonyesha umeme.